Maskini wa nchi tajiri: mstari wa umaskini unachorwaje?

Mwezi Novemba 2025 mchambuzi mmoja wa masoko ya fedha nchini Marekani aliandika kwamba familia ya watu wanne isiyofikisha takriban dola 140,000 kwa mwaka inaishi katika umaskini. Andiko lake lilienea mitandaoni kama moto wa kiangazi, na wachumi hawakukawia kuliparura. Kiwango cha serikali kwa familia ya ukubwa huo mwaka huo kilikuwa dola 32,150. Nchi ni ile ile na mwaka ni ule ule, lakini namba moja ni zaidi ya mara nne ya nyingine.

Wakati wao wakivutana, msomaji aliye katika nchi maskini anaguna tu. Dola 32,000 kwa mwaka, halafu mtu aitwe maskini? Maskini gani huyo mwenye friji, gari na simu ya kugusa? Swali ni la haki, na jibu lake halipatikani kwa kubadilisha dola kuwa shilingi na kucheka. Linapatikana kwa kuangalia namba hizi zilitoka wapi.

Tuanze na msingi. Mstari wa umaskini ni kiasi cha fedha kilichokubaliwa kuwa mpaka: kaya iliyo chini yake inahesabiwa maskini, na iliyo juu yake, hata kwa dola moja, haihesabiwi. Ili kuuchora lazima kwanza mtu aamue mambo mawili. La kwanza, mtu asikose nini. La pili, fedha zipi zihesabiwe kuwa zake: mshahara kabla ya kodi au baada, pamoja na misaada ya serikali au bila hiyo. Hesabu huanza baada ya hapo. Ndiyo maana watu wawili wenye akili timamu na kikokotoo kimoja wanaweza kutofautiana mara nne.

Kuna njia kuu mbili za kuuchora. Ya kwanza ni ya mahitaji ya msingi: unaorodhesha vitu ambavyo mtu hawezi kuishi bila hivyo, unavipigia bei, na jumla ndiyo mstari. Marekani inafuata njia hii. Ya pili ni ya kulinganisha: unaangalia mtu wa kawaida katika nchi hiyo anapata kiasi gani, kisha unasema aliyeachwa nyuma sana ni maskini. Umoja wa Ulaya na Uingereza wanaweka mpaka kwenye asilimia 60 ya pato la kati. Shirika la OECD, linalokusanya nchi tajiri, linatumia asilimia 50.

Pato la kati si wastani, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Panga watu wote wa nchi kwa foleni, kuanzia mwenye kipato kidogo kabisa hadi mwenye kikubwa kabisa, kisha mwite aliyesimama katikati. Kipato chake ndicho pato la kati. Bilionea aliye mwisho wa foleni akiongeza mabilioni mengine, wastani unapaa, ila aliye katikati hajasogea hata kidogo.

Mtu aliyeipa njia ya kwanza umbo lake ni Seebohm Rowntree, Mwingereza wa familia yenye kiwanda cha chokoleti katika mji wa York. Mwaka 1899 uchunguzi wake ulipita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya wafanyakazi wa mji huo, familia 11,560 kwa jumla. Alitaka kujua ni kiasi gani kidogo kabisa cha fedha kinachotosha kumpa mtu nguvu za mwili tu. Orodha yake ilikuwa kavu kupita kiasi. Haikuwa na nauli ya treni wala ya basi la farasi, gazeti, stempu ya kumwandikia mtoto aliye mbali, sadaka ya kanisani, kichezeo cha mtoto, tumbaku wala bia. Hata kwa kipimo hicho, karibu asilimia 28 ya wakazi wa York walikuwa maskini. Aliwagawa katika makundi mawili: wale ambao kipato chenyewe hakitoshi hata kikitumiwa kwa akili zote, na wale ambao kingetosha kama sehemu yake isingepotelea kwenye matumizi mengine. Kundi la kwanza peke yake lilikuwa karibu asilimia 10.

Watu humtaja Rowntree kama shahidi wa umaskini "halisi", ule wa tumbo tupu, dhidi ya huu wa siku hizi wa kulinganisha. Wanasahau alichofanya baadaye. Aliporudi York mwaka 1936, yeye mwenyewe alipanua orodha: gazeti likaingia, redio ikaingia, na nafasi kidogo ya burudani. Hakuwa amelegea. Maisha ya mfanyakazi wa York yalikuwa yamebadilika, na kumnyima redio katika orodha ya mwaka 1936 kulikuwa na maana tofauti kabisa na mwaka 1899, wakati nyumba za mji huo hazikuwa na redio hata moja.

Adam Smith alikuwa amelisema jambo hili mapema zaidi, mwaka 1776. Shati la kitani, alieleza, si hitaji la maisha kwa maana kali ya maneno. Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri bila hilo. Lakini katika sehemu kubwa ya Ulaya ya wakati wake, kibarua mwenye heshima angeona aibu kutokea mbele za watu bila shati la kitani. Kwa hiyo kwake likawa hitaji.

Sasa tuvuke bahari. Januari 1964 Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitangaza vita dhidi ya umaskini, na vita inahitaji kujua adui ni wangapi. Kipimo kilichokuja kutumika kilikuwa tayari kinaandaliwa na Mollie Orshansky, mchumi wa Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, binti wa wahamiaji aliyekulia katika dhiki jijini New York. Njia yake ilikuwa nyepesi na yenye akili. Wizara ya Kilimo ilikuwa na mpango wa chakula wa bei nafuu kabisa, uliokusudiwa kutumika kwa muda tu, familia inapokuwa imeishiwa. Utafiti wa mwaka 1955 ulikuwa umeonyesha kwamba familia za Marekani zilitumia karibu theluthi moja ya kipato chao kwa chakula. Basi chukua gharama ya mpango huo wa chakula, zidisha kwa tatu. Kwa familia ya watu wanne ilikuja kama dola 3,100 kwa mwaka. Mwaka 1969 serikali ikaufanya mstari huo kuwa rasmi.

Mpaka leo ndio huo huo. Kila mwaka unapandishwa kufuata mfumuko wa bei, basi. Ni kama gauni lililoshonwa kwa vipimo vya msichana wa mwaka 1963, ambalo kila mwaka fundi analishusha pindo ili lifike magotini, lakini mabega na kiuno hajavigusa. Mwili wa matumizi ya Wamarekani ulibadilika umbo. Chakula kilipungua sana katika bajeti ya kaya. Pango la nyumba, matibabu, malezi ya watoto na usafiri vikajaa mahali pake. Mwaka 1963 familia nyingi zilikuwa na mama aliyebaki nyumbani na watoto. Siku hizi mama huyo yuko kazini, na malezi ni bili ya kila mwezi.

Huyu mchambuzi wa dola 140,000 alishika uzi huu huu akauvuta mpaka ukakatika. Hoja yake: kama chakula kinacholiwa nyumbani sasa ni sehemu ndogo sana ya matumizi, basi kizidisho si tatu tena, ni kama kumi na sita. Shida ni kwamba chakula hupungua katika bajeti kwa sababu mbili tofauti: ama vitu vingine vimepanda bei, ama watu wametajirika na sasa wana fedha za kutumia kwa vitu vingine. Kizidisho hakijui kutofautisha sababu hizo. Ukikifuata kwa uaminifu, nchi inavyozidi kutajirika ndivyo mstari unavyoruka juu. Mwaka 2024 pato la kati la kaya za Marekani, za ukubwa wowote, lilikuwa dola 83,730. Mstari wa umaskini unaoipita kaya ya katikati kwa mbali namna hiyo haupimi umaskini tena. Unapima wasiwasi wa tabaka la kati, ambao ni jambo la kweli na zito, lakini ni jambo jingine. Ninachokubaliana naye ni kwamba hesabu ya Orshansky imezeeka.

Kasoro kubwa zaidi ya kipimo rasmi, hata hivyo, iko upande wa pili wa mizani: fedha zinazohesabiwa. Kinahesabu fedha taslimu kabla ya kodi. Kuponi za chakula hakizioni. Msaada wa pango hakiuoni. Marejesho ya kodi ambayo serikali huwapa wafanyakazi wa kipato cha chini nayo hayaonekani. Na upande wa matumizi, hakijali kama mgonjwa wa kisukari anamaliza nusu ya mshahara kwenye dawa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wazazi wawili wenye watoto wawili wanaingiza dola 32,000 kwa mwaka 2023. Mstari rasmi kwa familia yao mwaka huo ni dola 30,900, kwa hiyo si maskini. Ila kabla mshahara haujafika mfukoni umeshakatwa mchango wa hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, asilimia 7.65, karibu dola 2,450. Tuseme malezi ya mtoto mdogo yanakula dola 6,000 na hospitali dola 1,500. Wamebaki na dola 22,050, na pango halijalipwa. Sasa geuza upande. Familia hiyo hiyo huenda ikapata marejesho ya kodi ya maelfu ya dola na kuponi za chakula, ikapanda tena. Kama ni maskini au la, kipimo rasmi hakiwezi kukwambia, maana hakikuona hata kimoja kati ya hivyo.

Matokeo yake ni kichekesho cha takwimu. Mwaka 1973 kiwango rasmi cha umaskini Marekani kilikuwa asilimia 11.1. Mwaka 2023, miaka hamsini baadaye, kilikuwa asilimia 11.1, watu milioni 36.8. Kuna wanaoshika namba hizi mbili na kutangaza kwamba misaada yote ya nusu karne ilikuwa bure. Lakini sehemu kubwa ya misaada iliyoongezwa tangu wakati huo ilikuja kwa njia ya kuponi na ya kodi, yaani zile zile ambazo kipimo hakizioni. Huwezi kupima mvua kwa ndoo yenye kifuniko.

Wataalamu walilijua hilo zamani. Mwaka 1995 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi lilipendekeza kipimo kipya, na tangu 2011 Ofisi ya Sensa inatoa namba mbili kila mwaka: ile rasmi, na nyingine inayoitwa kipimo cha nyongeza. Hiki cha pili kinaanza na chakula, mavazi, makazi, maji na umeme, na siku hizi simu na intaneti. Kinarekebisha mstari kulingana na gharama za nyumba za kila eneo, kinaongeza misaada ya serikali kwenye kipato, kisha kinakata kodi, gharama za kazi na matibabu. Mwaka 2023 kilitoa asilimia 12.9.

Tofauti ya asilimia 11.1 na 12.9 inaonekana ndogo, ila ndani yake watu wamehamishwa. Kwa kipimo rasmi wazee wenye miaka 65 na zaidi walikuwa na umaskini wa asilimia 9.7, kwa kipimo cha nyongeza ni asilimia 14.2, kwa sababu bili zao za matibabu sasa zinaonekana. Jimbo la California, ambalo kwa kipimo rasmi liko karibu na wengine wote, linapanda hadi miongoni mwa yanayoongoza kwa umaskini mara tu pango linapohesabiwa. Kipimo rasmi kinamwekea mpangaji wa San Francisco mstari ule ule kama wa mtu anayeishi mji mdogo wa Mississippi. Na kuna kituko ambacho watu wachache wanakifahamu: mwaka 2023 mtu anayeishi peke yake chini ya miaka 65 alihitaji dola 15,852 ili asihesabiwe maskini, lakini mwenye miaka 65 alihitaji dola 14,614 tu. Sababu? Mpango wa chakula wa miaka ya 1960 ulichukulia kwamba mzee anakula kidogo.

Turudi kwa friji na simu, maana hoja hii ndiyo inayosikika zaidi. Kwanza suala la kubadilisha fedha. Dola moja haina uwezo sawa kila mahali; chumba, nyanya na kunyolewa nywele ni ghali zaidi mahali ambapo mishahara ni mikubwa. Ndiyo maana Benki ya Dunia, inapotumia mstari wake wa umaskini uliokithiri, ambao tangu Juni 2025 ni dola 3 kwa siku, haitumii dola za kwenye duka la kubadilishia fedha. Inatumia dola zilizorekebishwa kwa uwezo wa kununua. Hata baada ya marekebisho hayo maskini wengi wa Marekani wana zaidi ya maskini wa nchi maskini, na hakuna sababu ya kulikana hilo.

Lakini bei siyo yote. Katika nchi tajiri, njia za bei rahisi za kuishi zimefungwa. Nyingine zimefungwa na sheria, tena sheria nzuri: huwezi kujijengea kibanda cha mabati pembeni mwa mji ukakaa, kwani kanuni za ujenzi zitakuondoa, huwezi kumwachia mtoto wa miaka mitatu dada yake wa miaka saba ukaenda kazini, utanyang'anywa wote wawili. Nyingine zimefungwa na jinsi mji ulivyojengwa. Mahali ambapo duka, kazi na shule viko kilomita nyingi kutoka nyumbani na basi halipiti, gari ni kama viatu. Na gari kisheria linataka bima. Maombi ya kazi yanajazwa kwenye intaneti, na bosi wa duka anatuma ratiba ya zamu za wiki kwa simu. Asiye na simu hana kazi, si kwamba hana starehe. Friji kuukuu kwa kawaida imekuja na nyumba ya kupanga, na ukiiuza haitakulipia pango hata la mwezi mmoja. Maskini wa nchi tajiri mara nyingi ana vitu vilivyoshuka bei, kama vyombo vya elektroniki, na anakosa vile vilivyopanda: nyumba, daktari, mlezi wa mtoto.

Ulaya wamelijaribu jambo hili kwa vitendo. Pamoja na kupima kipato, wanawauliza watu moja kwa moja wanakosa nini kwa sababu ya fedha. Orodha ya zamani ya vitu tisa ilikuwa na televisheni ya rangi, simu na mashine ya kufulia. Zikaondolewa, maana karibu kila mtu alikuwa nazo na hazikusaidia kumtambua yeyote. Orodha ya sasa ina vipengele 13. Je, unaweza kulipa gharama ya ghafla bila kukopa? Unaweza kupasha nyumba joto ya kutosha wakati wa baridi? Unaweza kula nyama au samaki, au mbadala wake, kila baada ya siku moja? Una jozi mbili za viatu vinavyokutosha? Unaweza kukutana na ndugu au marafiki kwa mlo au kinywaji angalau mara moja kwa mwezi? Asiyemudu saba kati ya hivyo 13 anahesabiwa kuwa katika uhitaji mkali. Aliyeamua mwenyewe kutokula nyama hahesabiwi. Kinachotafutwa ni kutomudu. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo kinachoeleweka kuliko vyote, kwa sababu mtu yeyote anaweza kukisoma na kujua anayezungumziwa anaishije.

Kuna wanaosema pia kwamba maskini wa nchi tajiri ni wavivu tu. Chukua kalamu. Mshahara wa chini wa serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na haujaguswa tangu Julai 2009. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki zote 52, bila likizo wala siku ya kuugua, anapata dola 15,080 kwa mwaka. Mstari wa mtu mmoja mwaka 2023, tumeuona, ulikuwa dola 15,852. Majimbo mengi yameweka mshahara wa chini ulio juu zaidi, lakini yapo yasiyofanya hivyo, na huko mtu anaweza kufanya kazi mwaka mzima, asiye na mtoto, na bado akawa maskini kwa kipimo cha miaka ya 1960. Isitoshe, wengi wanaohesabiwa maskini ni watoto, wazee na wenye ulemavu, ambao hakuna anayetarajia wawe kiwandani.

Njia ya kulinganisha nayo ina kejeli zake. Mfano mzuri ni Uingereza baada ya mtikisiko wa kifedha wa 2008. Mwaka wa fedha 2010/11 mishahara ya watu wa kati ilishuka thamani, wakati misaada ya serikali kwa familia za chini ilikuwa imeshikilia. Pato la kati likashuka kwa karibu asilimia 3, na mstari wa asilimia 60 ukashuka nalo. Watoto wengi wakajikuta juu ya mstari bila wazazi wao kuongezewa hata senti. Umaskini wa watoto ukatoka asilimia 20 hadi 18 kabla ya kuhesabu gharama za nyumba. Nchi ilikuwa imekuwa maskini zaidi, na takwimu ya umaskini ikapendeza. Ndiyo maana wachambuzi makini huangalia pia mstari uliogandishwa, yaani ule wa mwaka fulani uliopita, unaopandishwa kwa bei tu.

Hata hivyo madai kwamba umaskini wa kulinganisha hauwezi kwisha kamwe, kwa kuwa "lazima daima awepo wa mwisho", si kweli. Wa mwisho lazima awepo. Wa mwisho aliye chini ya asilimia 60 ya wa katikati si lazima. Kama mtu wa katikati anapata 100 na aliye mkiani anapata 65, nchi hiyo haina maskini hata mmoja kwa kipimo hiki, ijapokuwa mabilionea wapo. Hakuna nchi iliyofika huko, lakini Jamhuri ya Cheki imekuwa ikizunguka asilimia 10 wakati nchi nyingine kadhaa za Ulaya ziko mara mbili yake.

Tukio lililoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba kipimo kinaamua unachokiona lilitokea Marekani mwaka 2021. Bunge lilipanua nafuu ya kodi kwa wazazi, kutoka dola 2,000 kwa kila mtoto hadi 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka sita na 3,000 kwa wakubwa wake. Jambo kubwa halikuwa kiasi peke yake. Kabla ya hapo, mzazi asiye na kipato au mwenye kipato kidogo mno hakupata nafuu hiyo kwa ukamilifu, yaani wale waliohitaji zaidi ndio walioachwa. Mwaka huo wakaingizwa, na nusu ya fedha ikalipwa kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba, dola 250 au 300 kwa mtoto. Pamoja na hundi ambazo serikali iliwagawia watu wakati wa janga la korona, umaskini wa watoto kwa kipimo cha nyongeza ukashuka hadi asilimia 5.2, kutoka 9.7 ya mwaka uliotangulia. Mpango ukaisha na mwaka. Mwaka 2022 kiwango kikaruka hadi asilimia 12.4, na 2023 kikawa 13.7.

Kipimo rasmi cha umaskini wa watoto katika miaka hiyo mitatu, 2021 hadi 2023, kilisoma asilimia 15.3, kisha 15.0, kisha 15.3. Mamilioni ya watoto walivuka mstari na kurudi, na namba ile haikutikisika, kwa sababu nafuu ya kodi haimo katika macho yake. Mbunge anayetaka kusema mpango haukufaa ana takwimu rasmi ya kushika mkononi. Anayetaka kusema ulifaa naye anayo. Wote wawili wanasoma kutoka Ofisi ya Sensa.

Namba ya mwaka mmoja inaficha jambo jingine: watu hawakai chini ya mstari kama wamefungwa kamba. Ofisi hiyo ya Sensa iliwafuatilia watu wale wale kuanzia 2013 hadi 2016. Asilimia 34 walipitia umaskini kwa angalau miezi miwili mfululizo. Waliokuwa maskini miezi yote 48 walikuwa asilimia 2.8. Kwa hiyo anayefikiria maskini kama kabila dogo linaloishi mtaa fulani anakosea, na anayefikiria ni matatizo ya mpito tu anawasahau hao wa mwisho, ambao wanahitaji msaada wa aina tofauti kabisa na wa yule aliyepoteza kazi kwa miezi mitatu.

Halafu wapo wasiohesabiwa kabisa. Takwimu za umaskini za Marekani hutokana na mahojiano ya kaya, kwa hiyo aliye gerezani hayumo, aliye katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wa muda mrefu hayumo, na kwa kipimo rasmi mtoto wa chini ya miaka 15 anayelelewa na familia isiyo ndugu zake hawekwi upande wowote wa mstari. Anayelala mtaani au ndani ya gari hana anwani ya kufikiwa na mhojaji. Hao huhesabiwa kivyao, usiku mmoja wa Januari, na watu wanaozunguka mijini na tochi na fomu. Januari 2024 hesabu hiyo ilipata watu 771,480 wasio na makazi, zaidi ya 270,000 kati yao wakiwa nje kabisa, si katika hifadhi yoyote. Hao wa nje hawamo katika namba yoyote ya umaskini iliyotajwa katika makala haya.